Picha Aliyoichora Daktari

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya mikosi. Kaka yangu, fundi wa mageti, ana saratani ya mapafu. Nimelia chooni kimyakimya, nikanawa uso, nikarudi kuwa mwanamume.

Daktari katuchorea picha kwenye karatasi. Duara kubwa ni uvimbe. Vidoti vyenye mikuki ni seli za kinga, askari wa mwili. Katikati yao kuna vidoti vinene, vimeketi: seli tulizi. Kazi yake halali ni kuwapumzisha askari vita vikiisha, wasije wakaushambulia mwili wenyewe. Ila uvimbe huzikusanya kwa wingi, zikauzunguka, na kila askari akifika anaambiwa atulie, hakuna shida. Askari wanalala, uvimbe unanenepa. Dripu ya Ijumaa ni ya kuwaamsha.

Nimeelewa kuliko wote. Shemeji, mke wa kaka, kaniuliza mbele ya daktari ni nani aliyemwambia mumewe miezi sita nzima kwamba kikohozi kile ni vumbi tu. Uchokozi mtupu! Nikaiomba ile karatasi, nikaikunja mfukoni.

Jumanne, 4 Machi
Nimevuta sigara moja ya kufikiria. Mpango! Askari wamelala? Mwenye hasira hapati usingizi. Basi kaka akasirishwe, kutwa mara tatu. Ajabu wasomi hawajalifikiria hili.

Dozi ya kwanza, saa tano, wodini alikolazwa. Nikamwambia geti la fundi jirani yake limenyooka kuliko yake yote. Akanyanyuka! Akanitupia kandambili! Kisha kikohozi kikamshika, na muuguzi akaja mbio na kipimo cha presha. Huyu namwita Bi Kengele, maana muda wa kuona wagonjwa ukipita dakika moja tu, yuko mlangoni. Kanifukuza kwa kidole kimoja. Wivu wa kitaaluma.

Jumatano, 5 Machi
Nimepigwa marufuku wodini. Nikazunguka dirishani, nikapaza sauti kwamba nimeazima mashine yake ya kuchomelea na imeungua. (Uongo. Imeungua kidogo.) Dirisha halikuwa la kaka. Mzee nisiyemjua kakasirika sana. Askari wake bila shaka wako macho mpaka sasa.

Daktari kaniita. Kasema, polepole kama anayeongea na mtoto, kwamba seli hizo huzungumza kwa kemikali na hazisikii ugomvi. Kazi yangu ni moja: kaka afike kwenye dripu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mtu akiishiwa hoja hukimbilia kemikali.

Kesho kaka anarudi nyumbani. Ijumaa shemeji ana zamu ya asubuhi kazini, hivyo nimekabidhiwa mimi kumpeleka. Hakukuwa na mtu mwingine.

Ijumaa, 7 Machi
Nilifika saa moja. Kaka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni. Kingine amekishika mikononi. Mikono ileile iliyonifundisha kushika nyundo.

"Mdogo wangu," akaniuliza, "nikiruka hii moja tu, kuna ubaya?"

Ningemjibuje? Roho iliniuma. Nikamwambia atulie, hakuna shida, tutaenda wiki ijayo. Nikamvua kile kiatu. Akalala. Nikajiona mtu mwema kweli.

Saa nne shemeji akarudi kutoka kazini; Bi Kengele kampigia simu kwamba hatujafika. Hakupiga kelele. Alichomoa karatasi mfukoni mwa shati langu, akaikunjua, akaweka kidole kwenye kidoti kinene kilichoketi.

"Shemeji, daktari amekuchora wewe."

Akamvisha kaka viatu vyote viwili, wakaondoka. Naambiwa Bi Kengele aliwasubiri hata zamu yake ilipokwisha. Dripu imeingia.

Jumamosi, 8 Machi
Kaka amechoka, ila kamaliza supu yote na kanitukana kwa sauti nzuri. Sichukui sifa zote. Nusu ni ya dripu.

Karatasi nimeibandika juu ya kitanda changu. Nimeichunguza sana. Shemeji hajui kusoma michoro: kile kidoti cha mbele, chenye mkuki mrefu kuliko vyote, ndicho mimi.

Kaka kaniuliza kikohozi changu hiki kilianza lini. Shemeji naye kaniwekea miadi ya picha ya kifua Jumatatu. Wanajisumbua bure. Nimewaambia watulie, ni vumbi tu.