Marahaba ya Karani Fakihi

Jumatatu, 3 Machi 1975
Leo nimedhalilika! Meneja mpya wa ofisi yetu ya korosho hapa Lindi, Mwanaima, ana miaka ishirini na sita. Kaingia asubuhi, kamwamkia karani mwenzangu Klementi: shikamoo mzee. Mimi: hujambo, ndugu. Ndugu! Siasa naikubali, sote ni ndugu. Lakini Klementi nimemzidi miezi minne! Ana mvi tu, basi. Mimi kichwa cheusi ti.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Unga wa muhogo, kiganja kimoja, kichwa kizima. Nikaingia polepole, mkono kiunoni. Mwanaima akainuka kitini! Shikamoo mzee. Marahaba, nikasema, kwa sauti ya kukwaruza. Nikakohoa kidogo kuongeza ladha. Klementi kapiga chafya.

Jumatano, 5 Machi
Marahaba tatu kabla ya saa nne. Mwanaima hataki nibebe hata faili. Kaniuliza kama macho bado yanaona. Nikajibu kwa unyonge: kidogo kidogo. Raha iliyoje!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Barua mezani, adabu tupu: "Mzee wetu, umeutumikia umma vya kutosha." Nastaafishwa mwisho wa mwezi! Nikakimbilia bombani, nikasugua kichwa mpaka kikawaka moto. Nikarudi mweusi ti. Mwanaima akanituliza: nisione haya, wazee wengi wanapaka piko. Faili langu halina tarehe ya kuzaliwa. Kataka shahidi wa umri wangu. Nimempa dereva wa lori ujumbe kwa mama, kule Pande.

Jumamosi, 8 Machi
Mama kafika! Kaenda moja kwa moja mezani kwa Meneja. Mwanaima akampa shikamoo kwa kupiga goti. Mama akauliza mzee ni yupi humu. Yeye mwenyewe bado analima, iweje mwanawe astaafu? Ana miaka arobaini tu! Barua ikachanwa palepale. Nusura nilie.

Kisha mama akamwuliza Mwanaima ni binti wa nani. Wa Abilahi, wa Kikole.

"Abilahi? Baba yangu mdogo huyo!"

Wakakumbatiana, wakalizana. Halafu mama akanigeukia.

"Fakihi, mbona umesimama kama nguzo? Mwamkie mama yako mdogo."

Klementi akaweka kalamu chini asikie vizuri.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mwanaima, bila hata kutabasamu. Klementi alicheka mpaka akatoka nje.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari jana kutwa. Adabu ni mtu kujua nafasi yake. Yangu sasa naijua: mtoto wa Meneja! Mama gani atamnyima mwanawe ukarani mkuu? Maombi tayari, nakala tatu. Yanaanza: "Mama Mdogo mpenzi." Nayapeleka nyumbani kwake leo, saa ya chakula. Hodi sipigi. Mimi si mgeni.