Frigo ya Mama Mkwe na Ile ya Kigoma

Jumatatu, 1 Agosti 1983

Frigo mpya imefika na boti kutoka Kigoma. Nyeupe, ya umeme, nimeiweka sebuleni; ukifungua mlango taa inawaka. Jumamosi wajomba wa kijana Omer wanakuja kutoka Kirungu kumposea binti yetu Claudine. Watakunywa bia baridi ya kisasa. Kikwazo ni kimoja: frigo ya mama mkwe, Mama Adolphine. Ya petroli, zawadi ya masista wa Kongolo enzi za Wabelgiji. Inafuka moshi, itanitia aibu mbele ya wageni. Alipohamia kwetu alikuja nayo kwenye treni, akaiweka jikoni, akaketi kando yake. Na desturi ni desturi: mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Jiko la nyumba yangu sijaliona tangu Pasaka.

Jumanne, 2 Agosti

Nimesimama nje ya jiko, nikakohoa, nikauambia ukuta kwamba vitu vya kale vimefanya kazi yao, sasa vipumzike. Nikamsikia akiiambia sufuria, kama adabu inavyotaka: "Sufuria, umuambie Papa Claudine, hii frigo itakufa nyuma yangu, mimi kwanza." Mke wangu Viviane alicheka mpaka akakaa chini. Sikati tamaa. Mvumilivu hula mbivu.

Jumatano, 3 Agosti

Mama mkwe alikwenda misa ya asubuhi. Nikaingia jikoni, nikachomoa utambi wa frigo yake, nikautupa chooni. Bila utambi hakuna moto, na bila moto frigo ile haitoi baridi. Nikaenda kazini, biro ya reli, nikiimba. Jioni nakuta inafanya kazi kuliko jana. Viviane anasema mama amekata utambi mpya kwenye kitambaa kizuri alichokiona kambani. Fulana yangu ya Jumapili!

Alhamisi, 4 Agosti

Mchana umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Frigo mpya ikakoroma kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki, ikanyamaza. Jirani yangu Mwamba, fundi wa karakana ya reli, akaifungua mgongo bila kuombwa. Akasema mota imeungua, nyaya zake nyembamba kama nywele. Za zamani, akasema, ukiziangusha unaionea huruma sakafu. Nikamjibu kwamba inapumzika. Wivu tu. Huyu mpaka leo anapiga pasi ya makaa ya marehemu babu yake.

Ijumaa, 5 Agosti

Claudine amenijia na macho mekundu. Anasema wajomba wa Kirungu ni watu wa mlimani, wakipewa bia ya moto watasema nyumba hii haijui wageni, na watarudi na Omer wao. Imeniuma, maana binti yangu nampenda. Lakini nimekwisha kuwatumia salamu kuhusu frigo ya umeme. Mpango: chupa zilale kwenye frigo ya mama mkwe. Kesho akitoka na mtaa mzima kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa kila Jumamosi, nazihamishia kwenye mpya kabla wageni hawajaingia. Nani atajua?

Jumamosi, 6 Agosti

Mama mkwe hakwenda salongo. Ati magoti. Wageni wakafika mapema. Chupa ndani, mimi nje, katikati desturi. Nikawasimamisha mbele ya frigo mpya, nikaanza hotuba juu ya maendeleo. Mjomba mkubwa, Papa Ignace, kiu ilimzidi, akafungua mlango mwenyewe. Taa haikuwaka. Humo mlikuwa na migebuka, samaki niliowaweka Jumatano nikawasahau. Harufu ilimsukuma nyuma. Claudine alijifunika uso kwa kitenge, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo mkono wa mama mkwe ukatokea kwenye dirisha la jiko, mkono peke yake, na chupa inayotoka jasho. Halafu nyingine. Papa Ignace akanywa, akafumba macho, akauliza baridi hiyo inatoka wapi. Akaingia jikoni, maana yeye desturi haimzuii. Nikawasikia wakicheka. Alipotoka alisema wanamtaka Claudine. Mama mkwe naye akaituma sufuria kwangu: bibi arusi haendi mikono mitupu, frigo itapanda naye Kirungu, kule ambako umeme haujafika.

Jumapili, 7 Agosti

Nimeshinda. Mama mkwe amekwisha kuizima ile ya petroli na kuifunga kwa blanketi, tayari kwa safari. Claudine anaimba nyumba nzima. Tumekunywa maji ya vuguvugu. Mwamba amepita kuuliza kama yangu bado inapumzika. Baada ya misa mfanyabiashara mmoja wa bandarini amenieleza kosa langu: nilichukua ya mlango mmoja. Boti ya juma lijalo inaleta za milango miwili. Mmoja ukifa, mwingine unabaki. Nimemwambia aniwekee.