Ombi la Kurudishiwa Vitufe vya Mashine ya Kufulia

Ndugu Meneja,

Pokea salamu kutoka chumba cha mwisho kwenye korido, kile cha mwandishi wa vitabu vya maelekezo. Mwili ni mzima, lakini roho haijatulia, na anayenikosesha raha ni yule dada mbunifu uliyemwajiri majuzi.

1. Ameondoa vitufe. Mashine yetu ya kufulia ilikuwa imejaa vitufe usoni, na kila kimoja nilikipa sura yake kitabuni, yenye michoro na mishale. Yeye amebakiza kimoja tu, kimeandikwa FUA. Nimekikodolea macho wiki nzima nikitafuta la kueleza. Kitabu changu sasa ni kijikaratasi, na nusu yake ni anwani ya kiwanda.

2. Aliwaita wapishi wa kantini na mlinzi wa getini, akawapa nguo chafu, akakaa kimya akiwatazama. Walipokosea hakuwakaripia, alibadilisha mashine! Tangu lini mashine ikamfuata mtu?

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mama mkwe hakunipenda tangu mwanzo. Lakini kila alipotaka kufua alinipigia simu nimsomee kitabu, kisha akawatambia shemeji zangu kwamba mkwe wake ni kichwa. Tangu apate mashine mpya, kimya. Nilipompigia mimi, akasema, "Siku hizi najifulia tu, baba. Kwani una shida gani?"

Kwa hiyo naomba vitufe virudi, angalau vya kutosha kunibakiza kazini. Ikishindikana, hicho kimoja kihamishiwe nyuma ya mashine, kifutwe maandishi, na mlango usifunguke mpaka mteja asome utangulizi wangu. Watalalamika, najua, lakini watakuwa wamesoma.

Nisalimie ofisi nzima, wapishi na mlinzi wakiwemo. Yule dada msalimie nusu.

Ni mimi, ninayekuheshimu kwa kirefu,
Mwandishi wa Maelekezo

Nyongeza, kesho yake asubuhi, nikiwa nyumbani: Leo sitafika kazini. Mashine yangu ya nyumbani, ile ya zamani yenye vitufe vyote, imegoma kufungua mlango, na suruali zangu zote zimo ndani. Nimefuata kitabu changu mstari kwa mstari. Kinasema mlango ukigoma, mpigie simu mwandishi. Tafadhali mtume yule dada, na aje mbio: mama mkwe yuko sebuleni, nami nimejifunga pazia.