Habari za Jordan wa Matonya na Ng'ombe Aliyedai Salamu

Sogeeni, enyi watu wa nyanda za kati, nanyi mlio safarini kuelekea Singida. Mwenye redio aizime, mwenye karanga mdomoni ameze, maana nawasimulia vita kuu iliyopiganwa Bahi, katika jaruba la mpunga la Bi Salha, Jumanne saa nne asubuhi, baina ya mwanadamu mmoja na ng'ombe mmoja, na mwanadamu nusura ashindwe.

Shujaa wetu ni Jordan wa Matonya, mzaliwa wa Dodoma mjini, simba wa makongamano, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuinusuru Lugha ya Kigogo, ambaye kwa miaka mitatu ameitetea lugha hiyo kwa Kiswahili fasaha, na mbele ya wafadhili kwa Kiingereza. Kwa Kigogo chenyewe hata siku moja. Bibi yake, Anyesi, alikuwa amemtolea ng'ombe mwekundu, mwenye pembe pana, wa kukamilisha mahari ya Angelina. Naye baba yake Angelina, anayekaa ng'ambo ya majaruba, alikwisha kuapa mbele ya washenga kwamba binti yake haolewi na mwanamume asiyeweza kumswaga ng'ombe wake mwenyewe hadi zizini.

Basi Jordan akatwaa fimbo, akatoka. Hatua mia mbili hazijatimia, Mwekundu akaacha njia, akaingia jarubani, akajilaza juu ya mpunga wa Bi Salha na kuanza kucheua.

"Inuka, ewe mnyama!" akanguruma Jordan. "Inuka kwa heshima ya mababu, ambao nimewaandikia andiko la kurasa tisini!"

Mwekundu akatikisa sikio, akafukuza nzi. Jordan akamsihi kwa Kiswahili cha bungeni, akamkaripia kwa Kiingereza cha chuo, akamvuta mkia kwa mikono miwili. Kiatu chake cha kushoto kikazama topeni kikafia huko, shahidi wa kwanza wa vita ile.

Ndipo akatokea Bi Salha, kitukuu wa wafanyabiashara wa misafara, mlinzi wa majaruba, khanga kiunoni na simu mkononi.

"Kijana, huyo ng'ombe wako?"

"Shikamoo mama. Wangu, ila kwa sasa hatuelewani."

"Marahaba. Mpunga wangu si godoro. Nampigia mgambo, na akimkuta humu, ng'ombe atalala ofisi ya kijiji mpaka kesi iishe."

Jordan akaiona ndoa yake ikifungiwa ofisi ya kijiji, akaogopa hasa. Akampigia bibi yake, akaweka spika.

"Shikamoo bibi! Mwekundu amelala, hataki kuinuka!"

"Marahaba. Umemsalimia?"

"Nimsalimie ng'ombe?"

"Unamfokea asubuhi yote, salamu hujampa, tena kwa lugha za wageni! Hata mimi ningelala."

Bi Salha akaangua kicheko. "Mwambie Mbukwa, baba. Mimi wa ukoo wa misafara, wala si Mgogo, nawasalimia hivyo ng'ombe wa majirani kila siku, na wananipisha."

Salamu hiyo ya Kigogo Jordan alikuwa akiijua. Ilichapwa kwa herufi kubwa kwenye fulana za Kamati. Ila hakuwahi kuitamka, maana maisha yake yote aliogopa kuchekwa lafudhi na watu wale wale aliokuwa akiwatetea.

Akavua kofia. Akainama mpaka macho yakawa sawa na ya adui.

"Mbukwa," akasema, na lafudhi ilikuwa mbaya kweli.

Mwekundu akaacha kucheua. Akamtazama Jordan. Kisha akainua miguu ya nyuma, akainua ya mbele, akatoka jarubani na kushika njia ya kwa kina Angelina, wala fimbo haikumgusa. Bi Salha akapiga vigelegele, simu ya mgambo akaisahau.

Jordan akaikumbuka simu yake.

"Bibi, upo?"

"Nipo. Miaka ishirini na sita, mjukuu wangu, na umeanza na ng'ombe."

Jordan, mguu mmoja peku topeni, akaisogeza simu mdomoni.

"Mbukwa, bibi."

Bibi akaitikia, akaongeza swali la pili kwa Kigogo, akangoja.

Na iandikwe katika tarikhi za nyanda za kati, wasome watakaozaliwa, kwamba siku ile Jordan wa Matonya aliteka salamu moja nzima bila msaada wa mfadhili yeyote. Kwamba swali la pili hakulielewa hata chembe. Na kwamba simu hakuikata.