Kopo Moja la Sukari, Nyumba Kumi

Siti binti Sadalla,
Balozi wa Nyumba Kumi,
Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Novemba 1981

Mkurugenzi,
Ofisi ya Utafiti wa Uchumi na Maendeleo ya Vijiji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SUKARI YA ZIADA ILIYOGUNDULIWA MTAANI KWETU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kikombe cha chai mkononi. Kama chai hiyo ina sukari, nakuomba uiweke chini kidogo mpaka nimalize, maana habari yenyewe ni ya sukari.

Baada ya Idi ofisi yako ilitutumia kijana mmoja, Ndugu Eliakimu, msomi, mpole, mwenye shikamoo za kutosha mtaa mzima. Sina ugomvi naye. Nina ugomvi na alichokiandika, kama ifuatavyo:

1. Ndugu Eliakimu alitumwa kuchunguza maisha ya wanavijiji. Kwa maelezo yake mwenyewe, Landrova ya ofisi haikuwa na petroli ya kufika hata Kibaha, hivyo akaamua kuwafuata wanavijiji waliko, yaani Kariakoo. Hapo simlaumu. Wapangaji wangu ni Mzee Bakili wa Newala na Candida wa Mahenge, na ukisimama kwenye foleni ya mkate asubuhi utakutana na Lindi nzima. Lakini ripoti imetuita kijiji cha mfano, na tangu siku hiyo Mzee Bakili hanipi nafasi, kila akiniona ananiuliza shamba lake liko upande gani wa Mnazi Mmoja.

2. Kijana alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Sukari inawatosha?" Ndugu Mkurugenzi, mgeni amekuamkia, amekaa kwenye kiti chako, halafu anakuuliza kama una sukari. Wewe ungemjibu nini? Tulimjibu ipo, tena tele, na chai ikaletwa tamu ili asiwe na shaka.

Ukweli ni kwamba kopo lilikuwa moja, la kwangu. Alipokuwa bado anamalizia chai yangu, kopo lilikwishatoka kwa mlango wa uani likaenda kwa jirani yangu Bi Sitara. Alipokuwa kwa Bi Sitara, likapitishwa juu ya ua kwenda nyumba ya tatu, na hivyo hivyo likamtangulia mpaka nyumba ya mwisho. Kiti chenye mikono alichokalia nacho kilikuwa kile kile, ndiyo maana kila mlango ulichelewa kufunguliwa. Mwenyewe aliniambia wakati wa kuaga kwamba ameshangaa, viti vyote vya Mchikichi vinayumba mguu wa kushoto. Nikamwambia ni fundi mmoja. Sasa nasikia kwenye ripoti tuna sukari nyumba kumi na viti kumi vya kifahari.

3. Ripoti iliposomwa, wakubwa walifurahi, na mgao wetu ukapunguzwa ili ziada yetu wapewe wenye shida. Nilikwenda duka la ushirika nikapanga foleni kama mwananchi yeyote. Rajabu, anayetugawia, akaniambia mbele za watu, "Ah, Bi Siti, we si una sukari mpaka kwenye ripoti?" Watu wakacheka mpaka foleni ikapinda. Mtaa wa pili hivi sasa wananitazama kama mlanguzi. Juzi mama mmoja alikuja kwangu na sufuria kabisa, eti nimgawie ile ziada.

4. Hapa sicheki tena. Candida amejifungua mtoto wa kiume. Mama yake mzazi yuko Mahenge. Hapa mjini mama yake ni mimi. Mzazi anatakiwa apate uji wa moto wenye pilipili manga, mtamu, asubuhi na jioni, ili maziwa yatoke. Mimi nampikia uji wa chumvi. Anaunywa, ananiambia "Asante, mama," na mtoto analia kwa sababu maziwa hayamtoshi. Inaniuma sana, na nimekukasirikia, na nimeona vizuri ulijue hilo kwa maandishi.

5. Naomba utafiti urudiwe, ila afanye mtu mwingine. Nimefikiri sana ni nani. Mgeni hafai, kwa sababu nilizokwisha eleza. Nikafikiri mtu tuliyegombana naye, lakini mbaya wako ndiye wa mwisho kabisa kujua kwamba jikoni hamna kitu. Nikafikiri basi Ndugu Eliakimu aoe hapa hapa awe wa nyumbani. Bi Sitara ana binti, anaitwa Sabaha, na kijana alimtazama vizuri tu kuliko alivyozitazama karatasi zake. Lakini mkwe naye ni balaa kuliko mgeni. Kwa mkwe tungeazima hadi kuku.

Anayeambiwa ukweli wa jikoni ni mtoto aliyekulia humo humo. Kwa hiyo ofisi yako ituletee watafiti wakiwa bado wananyonya, tuwalee wenyewe, na wakifika umri wa kushika kalamu watakuandikia ripoti safi. Kama Serikali haiwezi kusubiri, tunaye tayari mtoto wa Candida. Huyu akikosa analia, awepo mgeni asiwepo. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake anayesema kweli kuhusu chakula. Nashauri aajiriwe mara moja, na mshahara wake ulipwe kwa sukari.

Nisalimie Ndugu Eliakimu, dereva wa Landrova isiyotembea, na dada anayewapigia taipu, ambaye nina hakika naye anakunywa chai kama sisi. Mzee Bakili anakusalimu na bado anaulizia shamba.

Wako katika kujenga Taifa kwa uji wa chumvi,
Siti binti Sadalla

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, Rajabu akapita kunijulisha kwamba Jumamosi unakuja mwenyewe kuhakikisha. Karibu sana. Usimsikilize mtu anayesema Mchikichi hakuna sukari. Ipo, tena tele. Ila nakuomba uingilie mlango wa mbele, na kila nyumba ukae kidogo, usiwe na haraka ya kuaga. Sukari yenyewe Mzee Bakili alikwenda kuitafuta akaipata kwa shemeji yake Ilala kwa ajili ya uji wa Candida, lakini Candida mwenyewe amesema mgeni kwanza, yeye atangoja. Tumemhamishia chumba cha uani pamoja na mtoto, na siku hiyo mlango tutaufunga, mtoto asije akaropoka.