Birika la Chuma na Uzito wa Wanjira

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Leo nimebembeza chuma kule jimu ya Westlands mpaka mwalimu akaacha kazi yake, akaja kuniuliza kama niliwahi kuwa jeshini.

Sawa, uongo. Aliniuliza kama niliwahi kupimwa presha.

Lakini nilibembeza! Hiyo hakuna wa kuninyang'anya. Mara nne, halafu nikaketi sakafuni kuangalia taa. Chuma chenyewe ni kama birika la chai lisilo na mdomo: tumbo la duara, mkono juu. Joash, huyo mwalimu, anakiita ketlebeli. Mimi nimekiita Birika, maana kitu kikitaka kukuua ni vizuri kiwe na jina la nyumbani.

Nimeingia kwa kuponi ya binti yangu Cate, siku kadhaa za bure. Kwenye fomu niliandika miaka hamsini na miwili. Joash alinitazama, akauliza kwa heshima zote kama nilianza kuhesabu baada ya Mau Mau.

Sababu ya haya yote imelala chumba cha pili. Mke wangu, Wanjira. Mwezi wa sita aliteleza penye bomba la maji, nyonga ikavunjika, hospitali wakamtia chuma. Kutembea atatembea, daktari amesema, lakini pole pole, na kwa sasa lazima mtu amwinue kutoka kitandani hadi kitini. Na Wanjira si unyoya. Tangu tuoane amenizidi kilo, na hajawahi kuona haya.

Cate amechukua likizo kutusaidia. Likizo inaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Amesema wazi: siku hiyo nikishindwa kumwinua mama yake peke yangu, mama anahamia kwake Westlands, ghorofa ya tatu, kuna lifti na msichana wa kazi. Nikauliza mimi nitalala wapi. Akasema hapa kwetu Kabiria kuna kuku wa kuangaliwa.

Jumanne, 4 Agosti

Anayemwinua Wanjira kwa sasa ni Mwangangi. Niandike tu, hata kalamu ikikataa. Jirani yangu, Mkamba, mdogo wangu kwa miaka minane, anavaa trakisuti nyekundu kama anayengoja kuitwa timu ya taifa. Kila asubuhi anabisha hodi, anasaidiana na Cate kumwinua mke wangu, anamweka kitini kama mtu anayepanga mayai, kisha anakunywa chai yangu. Leo Wanjira amesema Mwangangi ana mkono mwororo. Tumeoana tangu mwaka wa sitini na nane. Mkono wangu haujawahi kusifiwa hata kwa kuchinja kuku.

Jimu: nilishika Birika, nikalipandisha juu ya kichwa, nikalishusha kwa nguvu zangu zote. Joash akaruka kando. Akasema, mzee, hapa hatulimi.

Kweli! Mwili huu unajua kazi moja tu, jembe. Juu, chini, juu, chini, mpaka udongo ukubali. Joash akanieleza kwamba mikono haina kazi hapa, mikono ni kamba tu za kushikia. Nguvu iko matakoni. Unarudisha makalio nyuma kama mtu aliyebeba mizigo mikono yote miwili na anataka kufunga mlango wa gari. Halafu unasimama kwa ghafla, na chuma kinaruka chenyewe.

Sina gari. Jioni nzima nimefunga mlango wa banda la kuku. Kuku wamegoma kutaga.

Nimekaa nikawaza. Miaka sabini na moja nimekalia nguvu zangu bila kujua.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimefukuzwa jimu. Kwa adabu, lakini kufukuzwa ni kufukuzwa. Meneja aliomba kitambulisho, na kitambulisho changu hakijui kudanganya. Akasema nilete barua ya daktari. Daktari wangu nimemkwepa tangu mwaka juzi, siwezi kumwendea sasa na mkono wa kuomba.

Joash alinisindikiza hadi mlangoni, kijana mwenye roho nzuri. Akaniambia nichukue mpini wa ufagio, niushike mgongoni. Uguse kisogo, uguse katikati ya mabega, uguse mfupa wa matakoni. Nikiinama na mpini ukaachana na sehemu moja, nimekunja mgongo, na mgongo hausamehe. Kisha akainua kidole: mikono miwili daima, mzee. Mkono mmoja usijaribu kabla ya Krismasi. Nikamwambia anaongea na mtu mzima.

Nyumbani: mpini mgongoni, nainamia ukuta, nasimama, nainamia ukuta. Wanjira, kitini, alinitazama muda mrefu. Akauliza kama nimehama kanisa.

Jumamosi, 8 Agosti

Akili! Watu wa jimu wanadhani wao ndio wenye chuma peke yao. Nimeteremka River Road, kwa Makau muuza mizani kuukuu. Pale kwenye vumbi nikaona jiwe la mizani lenye mkono wa kushikia, limechongwa namba kubwa: kilo ishirini. Birika kamili!

Tukabadilishana. Mimi nikatoa saa yangu ya ukutani, nikaapa haina kasoro ila kutotiwa ufunguo. Yeye akaapa jiwe limetoka kiwanda cha kahawa, halijawahi kupimia mtu kwa hila. Tukaagana kama ndugu, kila mmoja akiharakisha.

Nilipolitia guniani nikaliweka begani, sikuamini. Jepesi! Nikajua mwili umeanza kuitika. Siku tano tu, na kilo ishirini nazibeba kama mkate.

Jumanne, 11 Agosti

Ninabembeza! Uani, asubuhi na jioni. Makalio nyuma, mgongo kama mpini, simama, na jiwe linaelea mbele ya kifua. Nimegundua jambo ambalo Joash hakunieleza. Pale juu kabisa, kabla halijaanza kurudi, kuna nukta ambapo halina uzito wowote. Umelishika na hujalishika. Natamani nukta hiyo kuliko chai.

Mwangangi alisimama kwenye ua akitazama. Nikamwambia ni kilo ishirini, asije akajiumiza. Akaomba ashike. Akalinyanyua kwa vidole viwili, akalitazama upande wa chini, akanirudishia. Alitabasamu tu. Huyu mtu ananitia wasiwasi zaidi akinyamaza.

Jumatano, 12 Agosti

Kumi na tatu.

Mwangangi alinishawishi tupitie duka la nafaka la Waceke, eti tununue njugu. Kumbe mizani ilikuwa tayari. Jiwe likawekwa mbele ya wateja wote, na kilo zikaonekana: kumi na tatu. Waceke akaligeuza. Chini kuna shimo, limejazwa lami na kupakwa rangi nyeusi. Akasema anajua mawe ya aina hiyo. Mwenye nalo huuza mahindi miaka michache tu, kisha anajenga ghorofa. Mwangangi alicheka mpaka akashikilia gunia la ndengu.

Makau mwizi! Saa yangu ilikuwa haitembei, lakini ilikuwa na sura.

Sikubembeza jioni. Niliketi kando ya kitanda, nikamweleza Wanjira yote. Alicheka, nilijua atacheka. Kisha akauliza, kwani mimi ni gunia? Akasema siku niliyojaribu kumwinua, kabla Mwangangi hajaanza kuja, nilimkamata makwapani kama mwizi wa mbuzi, nikavuta kabla hajawa tayari, na maumivu yakampanda mpaka meno. Mwangangi, akasema, hamvuti. Anangoja. Yeye Wanjira ndiye anayetoa amri, anasema sasa, anasukuma kwa mguu mzima, ndipo mtu anamalizia.

Nikakubali kosa. Ni nadra, nimeweka alama pembeni mwa ukurasa.

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama angependa Westlands. Akasema kwa Cate ni kuzuri, ni safi, lakini ukiwa ghorofa ya tatu husikii watu wakigombana. Atajuaje habari? Halafu akanishika mkono, ule mgumu wa jembe, akasema kwa sauti ndogo, usiniangushe, Baba Cate.

Nimezima taa. Nimewasha tena niandike hili: si kilo ninazoziogopa.

Ijumaa, 14 Agosti

Begi la Wanjira lilikuwa mlangoni, limefungwa zipu. Cate amesimama kando yake, mikono kifuani, nguo za ofisini tayari. Dirishani, trakisuti nyekundu.

Nikapanga miguu. Nikarudisha makalio nyuma, mgongo kama mpini. Wanjira akazungusha mikono shingoni mwangu. Nikajikumbusha mikono yangu ni kamba. Nikangoja. Nilingoja mpaka Cate akakohoa. Wanjira anapumua sikioni mwangu, ananukia mafuta ya nywele na dawa ya kuchua. Tena nikangoja.

Sasa, akasema.

Nikasimama. Yaani tulisimama. Kifua kwa kifua, na pale juu, naapa, ile nukta ikaja. Hakuwa na uzito. Sijui nani alimwinua nani. Tukageuka kwa vihatua kama tunaojifunza kucheza dansi, nikarudisha makalio nyuma tena, nikamweka kitini. Kama mayai!

Cate alifungua begi, akatoa shuka za mama yake moja moja, akazirudisha kabatini. Alipokuwa akitoka akaniambia shati langu nimelivaa nje ndani.

Wanjira aliomba chai. Nikampikia mimi. Ilikuwa mbaya, akainywa yote.

Jumapili, 16 Agosti

Naandika nikiwa nimelala chali.

Baada ya ibada Mwangangi alikuja kunipongeza. Angenipongeza tu akaenda, tungekuwa sawa. Lakini aliongeza kwamba kwa mzee wa rika langu, nimejaribu. Nimejaribu! Nikamwambia angoje hapo. Nikatoka uani na suti ya kanisani, nikashika Birika kwa mkono mmoja, nikalirusha mpaka usawa wa paji la uso.

Mgongoni kitu kikasema ta.

Nilibaki nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Mwangangi ndiye aliyenibeba. Sasa kazi yake imekuwa mara mbili. Anamwinua Wanjira kwanza, kisha mimi. Nilimuuliza nani mzito kati yetu. Akasema mama angalau anasaidia.

Cate alipiga simu jioni. Akijua, begi linafungwa tena. Wanjira akaichukua simu, akasema baba yuko salama, amepumzika baada ya mazoezi. Hakuna neno la uongo hapo. Mwanamke huyu ana akili kuliko Makau. Kisha akanitazama kutoka juu, yeye kitini, mimi kitandani, akaniambia nikitaka kuinuliwa nisivute, ningoje, niseme sasa.

Mchana kutwa nimetafakari kosa liko wapi. Nimelipata. Si mkono mmoja. Joash ni kijana, anaogopa bure. Ni viatu! Viatu vya kanisani vina soli ya kuteleza. Kwa miguu mitupu, kilo zile ishirini ningezifikisha mbinguni.

Kwa hiyo Mwangangi, najua unasoma kitabu hiki nikilala, chai yako imemwagika kwenye ukurasa wa Jumanne. Unakumbuka nilivyokushikilia ngazi kwenye manyunyu, alasiri nzima, wewe ukihangaika na antena? Hujanilipa. Kesho asubuhi, ukishamweka Wanjira kitini na kabla hujanigeukia mimi, niingizie Birika kutoka uani. Liweke hapa chini ya kitanda, upande wa mkono wa kulia. Na Wanjira usimwambie.