Yah: Kufungwa kwa Balozi Katika Tamasha la Bao na Keram

Nassibu Yahaya,
Balozi wa Nyumba Kumi,
Chemchem, Tabora.
Agosti 1975

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wananchi wanaofikiria kwenda kwa mara ya kwanza kwenye Tamasha la Bao na Keram la hapa Tabora. Mimi nilikwenda mwaka huu, kwa hiari yangu, nikiwa nimevaa suti ya mikutano. Wala sikwenda kubahatisha. Barazani kwangu mimi ndiye bingwa wa bao tangu nilipochaguliwa kuwa balozi. Kabla ya hapo nilikuwa nikifungwa, lakini uongozi hukomaza akili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mapokezi. Tamasha hufanyika katika ghala la zamani la asali, karibu na stesheni. Ghala bado linanukia asali, na nyuki hawajaarifiwa kwamba limebadilishwa kazi. Mgeni atakuta mikeka ya bao upande mmoja, meza za keram upande wa pili, na pembeni wazee wa sataranji ambao hawaitikii salamu mpaka wamalize kusogeza. Mlangoni nilimkuta Ndugu Kanji, mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu, ambaye ndiye msimamizi. Nilimkumbusha kwa upole kwamba mimi ni balozi wake. Akasema anakumbuka vizuri, kisha akanionyesha mkeka kama wa watu wote na kuniomba nivue viatu. Nikauliza kama kiti cha viongozi kitaletwa. Hakikuletwa.

2. Watazamaji. Barazani kwangu watazamaji wana adabu. Nikipeleka mkono kwenye shimo lisilofaa, mtu hukohoa, nami hupata nafasi ya kufikiri upya. Tamashani hakukohoa mtu. Umati wote ule, katika vumbi la unga wa keram, na kila mmoja ana kifua kizima.

3. Mpinzani. Nilipangiwa Bi Koleta, mama wa makamo kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Kwao walikotoka wana bao linalokaribiana na letu. La kwetu amejifunza hapa hapa. Kwa kuwa ni mgeni wa taifa, nilikusudia kumfunga taratibu asije akajisikia vibaya. Aliniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akaanza kula kete zangu. Akala, akazisambaza upande wake, akala tena. Nilimweleza kwamba siasa yetu ya Ujamaa hairuhusu mtu kujineemesha kwa jasho la mwenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akala nyumba yangu yote, lile shimo langu la akiba. Safu yangu ya mbele ikabaki tupu huku bado nimeshika kete ambazo sijaziingiza mchezoni. Hilo huitwa bao la mkononi, na hakuna kufungwa kwa aibu kuliko huko.

Hapo ndipo aliponiuliza swali lililonifanya nishike kalamu. Aliuliza polepole, bila dharau, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa:

"Mzee, huko kwenu huwa wanakuachia ushinde?"

4. Mke wangu Mwanahawa alikuwa ameketi nyuma yangu. Sheria za tamasha haziwazuii wake kutazama. Njia nzima alijiziba mdomo kwa khanga, na kutoka stesheni hadi Chemchem si karibu.

5. Madhara ya baadaye. Kesho yake nilikwenda kwa jirani yangu Abbasi, seremala, ambaye nimekuwa nikimfunga kila Jumapili. Nilimuuliza kama huwa ananiachia. Aliitazama randa yake kwanza.

"Balozi," akasema, "mama alipougua, aliyenisemea hospitali ni wewe. Mtoto alipokosa nafasi ya shule, ni wewe. Mtu atakufungaje?"

Nikamwambia ningemsaidia hata kama angenifunga. Akasema sasa anaamini, ila wakati ule hakutaka kujaribu. Niliona kwamba anasema kweli, na hilo liliniuma kuliko bao lenyewe. Jioni niliwauliza na wengine. Mmoja alikiri kwamba mkohoaji ni yeye, na kwamba hajapata kuugua kifua.

Kwa hiyo naiomba serikali iingilie kati. Kwanza vyeo vya wachezaji vitangazwe kabla ya mchezo, na mwenye cheo kikubwa apewe ushindi papo hapo, ili muda utakaookolewa utumike mashambani. Vyeo vikilingana, shauri lipelekwe wilayani. Waliobaki wagawane kete sawa kwa sawa na wote watangazwe washindi. Mwisho, swali la Bi Koleta lipigwe marufuku popote alipo kiongozi, lisije siku moja likaulizwa juu ya mambo yasiyo bao.

Nisalimie wapanga herufi, watia wino, dereva wa gari la magazeti, na yeyote hapo ofisini ambaye bado anashinda michezo yake.

Ni mimi, katika kulijenga taifa,
Nassibu Yahaya,
Balozi.

Tanbihi: Barua hii imekaa mezani kwa kukosa stempu, na katika muda huo nimejiuzulu ubalozi. Nyumba kumi zimemchagua Bi Maua, na nasikia tayari ameanza kushinda bao. Kwa hiyo futa neno Balozi popote ulionapo. Bora zaidi, acha barua yote, uchapishe tarehe ya tamasha la mwakani tu, kwa herufi kubwa, maana Mwanahawa naye anataka kucheza. Jumapili Abbasi alinifunga mfululizo bila huruma, mke wangu akicheka waziwazi. Mchezo wa mwisho nikamfunga mimi. Alikasirika kweli kweli, akaondoka bila kunywa chai. Ndugu Mhariri, sikumbuki siku nyingine niliyofurahi vile.